Steshenari mbili, fomu moja ya mkopo: ya Wete nyota moja, ya Chake nyota nne

Mie kazi yangu vitumbua. Nauza Wete, kwetu Pemba, alfajiri mpaka saa tatu za asubuhi, na kabla ya mwaka jana sikuwahi kuingia steshenari ila kutoa foto kopi ya kitambulisho. Mwaka jana mwanangu wa kwanza alimaliza fomu siksi, tukaomba mkopo wa serikali wa chuo kikuu, na mie nikajikuta nimekaa kwenye steshenari siku tisa kwa hesabu: mbili kwenye moja, saba kwenye nyengine. Naandika kwa sababu mwaka huu tena nasikia wazazi wenzangu wanaulizana wapi wapeleke watoto wakajaziwe, na jibu linalotembea mtaani ni "nenda pale, wale wana haraka". Haraka yao naijua.

Majina ya maduka sitaji. La kwanza kwa sababu mke wa mwenyewe ni mteja wangu, ananunua vya elfu mbili kila siku ya Mungu. La pili kwa sababu halina jina. Juu ya mlango pana ubao umeandikwa kwa brashi: Foto Kopi, Picha za Paspoti, Mikopo, Tunachaji Simu. Ukishuka gari ya Wete pale Chake uliza kijana wa kuchaji simu, watakuonesha.

Kwanza nieleze tulikuwa tunaomba nini, maana hata hilo sikulijua. Mtoto wa Kizanzibari ana milango miwili. Uko wa kwetu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Na uko wa Muungano, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo sheria yake ni ya 2004. Kula kuwili hakuna: huu wa Muungano unataka mwombaji asiwe na mfadhili mwengine. Mwanangu alitaka kusomea ualimu wa hesabu Dar es Salaam, na mwalimu wake wa skuli akamshauri aombe huo wa Muungano. Maombi yanafanywa kwenye mtandao, mfumo wao wanauita OLAMS, na ada ya kuomba ni shilingi 30,000. Ukishalipa hairudi, upate usipate.

Basi tukaenda steshenari ya Wete. Mwezi wa saba ule, matokeo yametoka, foleni imefika barabarani. Mwenye duka ana kompyuta mbili na vijana wawili, na kwa kweli wanajua kubonyeza, vidole vinaruka kama mpiga ganuni. Bei yao elfu kumi ya kujaza, mbali ile 30,000 ya Bodi, mbali skani, mbali printa. Nikatoa hela ya vitumbua vya siku sita, nikashukuru.

Zamu yetu ilipofika kijana hakuinua kichwa. Cheti cha kuzaliwa, hiki. Cheti cha fomu foo, hiki. Picha, hii. "Wazazi?" Mwanangu akajibu, "Mama huyu hapa." Kijana akabonyeza. Nusu saa haikufika tukawa nje, tuna karatasi mkononi bado za moto, tumeambiwa: hapa asaini mwombaji, hapa mdhamini, hapa sheha agonge muhuri, hapa wakili au hakimu, mkimaliza mrudishe tuskani. Nikaona kumbe kazi yenyewe rahisi, watu wanaitia chumvi tu.

Tukenda kwa sheha. Sheha wetu mtu mzima, anasoma kwa miwani iliyofungwa uzi, na kila karatasi anaisoma. Watu wanamlalamikia kwa hilo. Nami siku ile nilikuwa nimeacha unga umeumuka nyumbani, roho juu, namuangalia anavyofuatisha mstari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, hebu njoo. Hapa pameandikwa baba yu hai."

"Nani kaandika?"

"Si nyinyi? Fomu yenu hii." Akavua miwani. "Mie nilishika jeneza. Nikigonga muhuri hapa nimesema uongo mimi na wewe, na marehemu tumemsumbua bure."

Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, mtu wa Kojani, amefariki mtoto yuko darasa la saba. Na hapo ndipo nilipofahamu kuwa lile neno "mama huyu hapa" kijana wa duka alilipokea kuwa jibu la wazazi wote wawili. Au hakulipokea kabisa, alikwenda na kilicho chepesi, kwa sababu ukisema baba amefariki mfumo unataka cheti cha kifo, cheti kinataka kuskaniwa, na foleni imefika barabarani. Bodi inapanga mikopo kwa kuangalia hali ya mwombaji: yatima, mwenye ulemavu, aliyetoka kaya masikini, vyote hivyo vinahesabiwa. Mwanangu alikuwa karibu kupoteza haki ya uyatima wake kwa sababu ya mtu mwenye haraka.

Kosa langu nami nilitaje: karatasi nilipewa mkononi na sikuisoma. Nasoma vizuri tu, nimefika fomu tuu. Lakini niliona muhuri wa serikali juu nikadhani kila kilichoandikwa chini yake ni sahihi.

Nikarudi dukani kesho yake. Jibu: kurekebisha elfu kumi nyengine. Nikasema kosa lenu. Kijana akasema alijibiwa na mwombaji. Nikasema basi nipeni paswedi nikatafute kwengine. Hapo ndipo iliponitoka hiyo nyota moja. Akaniambia paswedi ni ya ofisi, hawatoi, na imeli waliyotumia ni ya ofisi pia, na namba ya simu iliyomo kwenye akaunti ya mwanangu, kumbe, ni ya ofisi. Waombaji mia na kitu wa Wete, simu moja ya mwenye duka. Nikamuuliza, Bodi ikimtumia mwanangu ujumbe unakwenda wapi? Akasema, "Tutawaambia."

Nyota moja nimewapa kwa sababu skani yao inatoka safi, na kwa sababu yule mama wa dukani ni mteja wangu.

Chake nilielekezwa na abiria mwenzangu kwenye gari, mama wa Ole aliyekuwa na kapu la mbirimbi. Duka lenyewe kijichumba, ukiingia watu wanne wa tano asimame mlangoni. Kompyuta moja ya mapajani yenye kibodi iliyofutika herufi, printa moja, meza ya kuchajia simu iliyojaa waya kama nyavu. Ukutani pana kitu sikukiona Wete: mwongozo wa Bodi wa mwaka ule, wa Kiswahili, ameuprinti wote, ameutoboa tundu na kuutundika kwa uzi wa mshipi. Anayesubiri anausoma. Nilisubiri saa mbili, nikausoma nusu, ndimo nilimojua kuwa mwombaji asizidi miaka 35, na kuwa vyeti vya kuzaliwa na vya kifo lazima vihakikiwe: vya bara kwa RITA, wakala wa usajili wa huko, vya kwetu kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar.

"Karibu bi mkubwa. Mwombaji nani?"

"Mwanangu huyu."

"Basi kiti cha mwombaji. Wewe utanisamehe, ndoo ile ukiigeuza inakalika."

Akamkalisha mwanangu mbele ya kompyuta, yeye akasimama nyuma. Kila kitu alimwambia abonyeze mwenyewe. Nilikereka mwanzo, nikaona nimelipa nauli kutoka Wete mwanangu aje kujifunza kuchapa, na anachapa kwa kidole kimoja kama kuku anadonoa. Mtu wa nyuma yetu akaguna. Kijana hakujali. Akasema, "Huyu miaka mitatu ataingia humu bila mimi. Kila mwaka atahitaji kuingia. Leo akijua mlango, kesho hanitafuti." Mfanyabiashara gani anasema hivyo!

Kwanza akaunti ilibidi ikombolewe kutoka Wete. Hapa nilidhani atatukana, maana mie nilishatukana gari nzima njia nzima. Akachukua simu akampigia mwenye duka, wanajuana, akamsalimia salamu ndefu za kwao, habari za wazee, habari za karafuu mwaka huu, kisha akasema, "Ami, nina kijana wako hapa, itaingia tarakimu kwenye simu yako sasa hivi, nisomee." Akasomewa. Mara ile akambadilishia mwanangu namba ya simu, akamfungulia imeli ya jina lake, akageuza uso ukutani akasema, "Sasa andika paswedi yako, mimi sitaki kuiona." Mwanangu akaandika. "Mama aijue na yeye. Iandike mahali pasipopotea."

Kisha akaanza maswali, na maswali yake ndiyo hasa ninayoyalipia nyota. Alikwenda mstari kwa mstari, na alipofika kwenye wazazi hakuuliza "wazazi?" Aliuliza, "Baba yupo?" Mwanangu akasema ameshafariki. Kijana akanyamaza kidogo, akasema Mungu amrehemu, akauliza mwaka. Ndipo akaniuliza mimi kama cheti cha kifo ninacho.

Sina. Nilikuwa na kibali cha kuzikia tu, kimekunjwa ndani ya msahafu. Miaka sita sikuona haja ya karatasi ya kuniambia mume wangu amekufa. Akanieleza niende na nini, na kwa nani nianzie, na akakataa kuendelea na fomu. "Ningeweza kuweka nafasi tupu, bi mkubwa, ukaondoka umefurahi. Lakini itakurudia." Akachukua elfu mbili tu ya siku ile.

Cheti kikanichukua wiki moja na siku mbili. Sheha akanipa barua, shemeji yangu na jirani wakashuhudia, nikaenda nikarudi. Sina la kulalamika humo, ila siku nilipokishika nilikaa chini ya mwembe pale nje nikalia, na mlinzi akaniletea maji akidhani nimenyimwa.

Wiki ile hiyo nilijionea mwengine pale dukani. Msichana wa Mkoani, cheti cha kuzaliwa jina la babu ni Khamis, cheti cha fomu foo ni Hamisi. Wenyewe tunajua ni mtu mmoja. Kijana akawaeleza wazee wake waende wakaape kiapo cha jina mapema, wasingoje mfumo uwakatae. Nawaambia nyote mnaosoma haya na watoto wenu wako fomu tuu: vitoeni vyeti vyote usiku huu mviweke mkekani, mvilinganishe herufi kwa herufi. Kwetu huku Juma ana Jumaa, Fatma ana Fatuma, na kompyuta haijui kuwa ni mtoto yule yule.

Halafu mdhamini. Nilimtegemea ami yake mtoto, nduguye marehemu. Lakini ami yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga, na mwezi wa nane dago harudi mtu. Akatuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, gumba lake limekaa juu ya namba. Akatuma ya pili, imepigwa usiku na karabai. Na hata ingekuwa safi, saini yake tungeipata wapi? Tukamwendea mjomba, mwalimu wa Konde. Mjomba mtu mwema lakini alikuwa na hofu, amesikia kuwa mdhamini ndiye atakayekatwa. Mie sikuwa na jibu. Nikampeleka Chake nikamkalisha kwenye ile ndoo.

Kijana hakumbembeleza. Alimpa karatasi akamwambia, "Mwalimu, isome yote, usisaini kwa kuniamini mimi." Mjomba akasoma robo saa. Akauliza deni lenyewe linalipwaje. Kijana akamueleza: mwenye deni ni mwanafunzi, anapewa miezi 24 baada ya kumaliza chuo, na akiajiriwa mwajiri anamkata asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Mjomba akapiga hesabu zake za ualimu kichwani, akatikisa kichwa, akasaini.

Nami nilikuwa na langu, nikaliuliza kwa sauti ndogo, maana pana watu: vipi kuhusu riba? Nililala nalo siku nyingi hilo. Mama yangu mzazi alishaniambia wazi kuwa hela ya riba haitii baraka kwenye elimu. Kijana akasema, "Umeuliza la maana, kila siku naulizwa." Akanieleza kuwa zamani deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka, wakiita ya kulinda thamani, na kwamba iliondolewa 2021. Akaniambia hiyo ndiyo habari ya hesabu. Ya dini nimuulize mwalimu wangu. Nikampenda hapo. Wangapi wangetoa fatwa wamesimama juu ya printa? Nilimuuliza mwalimu, na tulichozungumza ni baina yangu na yeye na mama.

Siku ya kutuma sasa. Tumeshazunguka na karatasi mpya, mjomba kasaini, hakimu kasaini, sheha kaisoma yote tena tangu juu, alipofika pale akasema "ahaa", akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia. Tukafika Chake baada ya adhuhuri. Mwanangu kaskani, kapakia kurasa za saini, imebaki kubonyeza tuma. Umeme ukazima. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na huwa nauwazia ule waya ukipita na papa huko chini. Siku ile niliuwazia kwa hasira. Pale ndipo nilipojua kwa nini duka la mikopo linachaji simu. Chini ya meza ana betri kubwa ya gari na paneli juu ya bati, na hiyo inamlisha yeye na mtaa. Akachomoa simu za watu kumi na moja, akachomeka kompyuta yetu. Mwenye simu mmoja akalalamika. "Subiri, huyu anakwenda chuo." Mwanangu akabonyeza. Ikazunguka, ikazunguka. Ikaandika imepokelewa.

Yangeisha hapo nisingeandika marefu hivi. Wiki kadhaa baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwanangu saa nne usiku: ombi lina dosari, kitambulisho cha mdhamini hakisomeki vizuri, rekebisha ndani ya muda uliopangwa. Huo ndio utaratibu wao, wakishakagua huwafungulia wenye kasoro wakarekebishe. Mwanangu akaingia mwenyewe, kwa simu, kwa paswedi yake, akapiga upya picha ya kitambulisho cha mjomba juani, akapakia. Dakika ishirini. Sikupanda gari, sikulipa mtu.

Ujumbe ule ungeingia kwenye simu ya duka la Wete. Na nasema kwa kuwajua: kuna mtoto wa mtaa wa pili kwetu, amejaziwa pale pale wiki ile ile, alikuja kujua ana dosari dirisha limeshafungwa. Mamake aliniambia huku anachagua vitumbua. Sikuwa na la kumjibu. Nikamuongezea viwili.

Mkopo wetu ulitoka awamu ya pili. Ya kwanza ilipotoka hakuwemo, nikafunga biashara siku nzima kwa unyonge, kijana wa Chake akanitumia sauti, "Bi mkubwa, zinatoka kwa awamu, tulia, pika." Amepata chakula na malazi 10,000 kwa siku, vitabu na viandikwa 200,000 kwa mwaka, na ada sehemu, iliyobaki nalipa mimi na mjomba, na ami akitoka dago anatia mkono. Wenyewe huko vyuoni hiyo hela wanaiita bumu. Elfu kumi ni vitumbua hamsini kwa bei yangu. Mwanangu anasema Dar haitoshi akila nje mara mbili na kulipa chumba, namwambia ajipikie. Ananijibu jiko la pamoja lina foleni. Kila mahali foleni.

Sasa mbona nyota nne na si tano? Kwanza, kijichumba kile joto. Kwa mwezi wa nane nimeona mtu mzima akitoka nje kupumua. Pili, printa yake inachapa kijivu. Kurasa mbili hakimu alizirudisha, ikabidi tuprinti jirani. Tatu, akifunga kwenda kusali adhuhuri harudi mara moja, anapitia kahawani kubishana Simba na Yanga, na wewe umekaa juu ya ndoo na muda wa gari ya mwisho unauangalia. Ijumaa usiende kabisa. Nne, hana bei iliyobandikwa. Mimi kwa siku zote saba nilimlipa elfu kumi na nne na mia tano, karatasi na skani zote ndani, lakini ilikuwa elfu mbili leo, mia tano kesho, na mtu asiyemjua atashuku. Nilimwambia abandike. Akasema atabandika. Nilipopita mwezi uliopita hajabandika.

Na usiende ukitaka kujaziwa. Atakuudhi. Mpeleke mtoto mwenyewe, na kama mtoto ana haya ya kompyuta mpeleke siku ya Jumatatu au Jumanne asubuhi, duka likiwa tupu. Chukua vyeti halisi, chukua kitambulisho cha mdhamini chenyewe, si picha ya kitambulisho. Chukua na maji.

Mwezi uliopita huo nilikwenda na mwanangu wa pili, wa kike, yuko fomu faivu, nikamwambia kijana namleta mapema aone. Akacheka, akamkaribisha kwenye kiti, akanigeuzia ndoo.

"Na ile paswedi ya kaka yake, bi mkubwa, bado unayo? Uliiandika wapi?"

Nikaitoa kwenye mkoba. Nimeiandika kwenye daftari langu la madeni ya vitumbua, ukurasa wa mwisho, chini ya jina la mke wa mwenye steshenari ya Wete, anayedaiwa elfu sita.